Sayansi ya Siasa au Utawala wa Umma? Ulinganisho kwa Anayechagua Shahada ya Kwanza Akiwa Dodoma

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kwa kawaida mwezi Julai, wahitimu wa tahasusi za sanaa hubaki na wiki chache tu za kuamua watasoma nini kwa miaka 3 inayofuata. Kwa aliyesoma HGL, HKL, HGK au HGE na anayeishi Dodoma au Singida, orodha ya kozi huanza ikiwa ndefu, na baada ya siku mbili tatu za kuuliza huku na huku hupungua hadi mbili: Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Zote ni kozi za sayansi za jamii, sifa za kuingilia zinakaribiana, wahadhiri wake mara nyingi hukaa katika idara moja, na ndugu wakiombwa ushauri hujibu kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Makala hii inaziweka kozi hizo sambamba kwa ajili ya mwanafunzi na mzazi anayelipa ada, na msimamo wake ni huu: Utawala wa Umma ni chaguo salama zaidi kwa anayetaka kuingia mapema katika ofisi ya serikali, ilhali Sayansi ya Siasa humfaa hasa yule ambaye tayari ana tabia ya kusoma na kuandika bila kusukumwa, na mtu wa namna hiyo akisomea Dodoma ana bahati ambayo wenzake wa mikoa mingine hawana.

Kabla ya kulinganisha, kuna dhana moja inayofaa kuondolewa, nayo ni kwamba anayesomea siasa anajiandaa kugombea. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Shahada haimo katika masharti hayo. Anayetamani udiwani wa Nkuhungu au ubunge wa Bahi anahitaji chama, watu na uvumilivu, na hakuna muhula unaofundisha vitu hivyo. Wala fani yenyewe haimfungi mtu upande mmoja. Profesa Mwesiga Baregu na Dkt. Bashiru Ally wote wawili walifundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wa kwanza alifahamika kama mwanachama wa Chadema na alikuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, wa pili akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018 na Katibu Mkuu Kiongozi mwaka 2021.

Kuingia

Hapa tofauti ni ndogo, hivyo hapahitaji maneno mengi. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa kozi za aina hii ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, pale ambapo A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Maana yake ni kwamba D mbili humfikisha mwombaji mlangoni, lakini hazimhakikishii nafasi ikiwa waombaji ni wengi na chuo kinachukua wenye pointi za juu kwanza. Anayepitia stashahada hutakiwa kuwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0. Kila chuo huongeza masharti yake, na majina ya kozi hubadilika. Kwa hiyo kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka husika ndicho cha kuaminiwa, si picha ya ukurasa wa mwaka juzi iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Jina la kozi nalo lisomwe lote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi kimeziunganisha fani hizi mbili katika shahada moja ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Mzumbe, Utawala wa Umma husimama peke yake kama shahada kamili. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina idara moja inayobeba fani zote mbili. Mwombaji aliyepata shahada ya pamoja amepunguziwa kazi ya kuchagua, ingawa hajaondolewa kabisa, kwa kuwa kuanzia mwaka wa pili atakuwa na masomo ya hiari, na hayo ndiyo yatakayomsogeza upande mmoja au mwingine.

Kuhusu mkopo, kozi zote mbili ziko katika hali moja. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikizipa nafasi ya mbele kozi kama za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi, na sayansi za jamii hazijawahi kuwa kileleni. Mzazi asichague kati ya hizi mbili kwa kudhani moja itamletea mtoto bumu kwa urahisi zaidi. Ajue pia kwamba makato ya marejesho kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato hayo hayaulizi mtu alisomea nini.

Kinachosomwa darasani

Hapa ndipo njia zinapoachana, na njia rahisi ya kuona tofauti ni kuchukua jambo moja na kuangalia kila kozi inavyolishika. Dodoma yenyewe inatoa mfano ambao ni vigumu kupata ulio bora kuliko huo: uhamisho wa makao makuu.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, kusimamia ujenzi wa mji mpya. Matarajio yalikuwa kwamba kazi ingechukua takribani miaka 10. Badala yake sehemu kubwa ya wizara iliendelea kukaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40, hadi Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma. Mwezi Mei 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake kupelekwa halmashauri, Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, sheria ya kuitamka kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka huohuo, na Mji wa Serikali ukaanza kuinuka Mtumba.

Katika darasa la Sayansi ya Siasa, jambo hili huzaa swali gumu. Mwaka 1973 nchi ilikuwa ya chama kimoja, chama kilikuwa na nguvu kuliko Bunge, na rais aliyeunga mkono uamuzi huo alikaa madarakani hadi 1985. Imekuwaje uamuzi wa watu wenye madaraka makubwa namna hiyo usitekelezwe? Mwanafunzi hulazimika kupima maelezo kadhaa yanayoshindana: ukata wa fedha baada ya bei ya mafuta kupanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, masharti ya wakopeshaji katika miaka ya 1980, na maslahi ya watumishi wakubwa waliokuwa na nyumba na biashara pwani. Kisha hutakiwa kutoka nje ya nchi na kulinganisha. Brazil ilihamia Brasília mwaka 1960. Malawi ilitoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Nigeria iliamua kujenga Abuja mwaka 1976 na kuhamia rasmi mwaka 1991. Côte d'Ivoire iliitangaza Yamoussoukro kuwa mji mkuu mwaka 1983, lakini shughuli nyingi za serikali zikaendelea Abidjan. Kwa nini baadhi zilihama upesi, nyingine zikachelewa, na nyingine zikabaki katikati? Jibu zuri halipatikani kwa kukariri, na kwa kawaida hakuna jibu moja. Mwanafunzi hupata maksi kwa namna anavyojenga hoja, anavyokubali ushahidi unaompinga, na anavyoandika.

Katika darasa la Utawala wa Umma, uhamisho huohuo hugeuka kuwa kazi ya kupangwa na kusimamiwa. Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa na mamlaka mbili juu ya ardhi moja: CDA iliyopima na kugawa viwanja, na manispaa iliyokuwa na madiwani waliochaguliwa na wananchi na kudaiwa huduma na wananchi haohao. Nani anawajibika kwa mkazi ambaye kiwanja chake kina mgogoro? CDA ilipovunjwa, watumishi wake walipaswa kwenda wapi, kwa muundo upi wa utumishi, na nyaraka za viwanja zilipaswa kukabidhiwa vipi ili zisipotee? Wizara inapohama, nani anaandaa bajeti ya malipo ya uhamisho, na huduma kwa mwananchi zinaendeleaje wakati majalada yamo katika lori barabarani? Maswali haya nayo si mepesi, ila majibu yake yana umbo linalojulikana: sheria, kanuni, waraka, bajeti, ratiba na mtu wa kuwajibika.

Ukisoma maswali hayo ukahisi kwamba yale ya kwanza yanakuvuta na yale ya pili yanakuchosha, umeshapata sehemu kubwa ya jibu lako. Na ikiwa yale ya kwanza yameonekana kama mabishano yasiyo na mwisho, basi pia umelipata.

Masomo yenyewe yanafuata mwelekeo huo. Upande wa Siasa kuna nadharia za siasa kuanzia Wagiriki wa kale hadi fikra za Mwalimu Nyerere, siasa linganishi, uchumi wa kisiasa, mahusiano ya kimataifa, vyama na uchaguzi, na siasa za Tanzania tangu ukoloni, kupitia Azimio la Arusha la 1967, hadi kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Upande wa Utawala kuna menejimenti ya rasilimali watu, fedha za umma na bajeti, manunuzi, maadili ya utumishi, sheria ya utawala, na serikali za mitaa kama zilivyowekwa na ibara za 145 na 146 za Katiba na sheria za mwaka 1982. Mbinu za utafiti na takwimu zipo pande zote, na pande zote wanafunzi huziogopa bila sababu ya kutosha. Kwa maoni yangu mwanafunzi wa Siasa anayekwepa takwimu anajikata mkono mwenyewe, kwa kuwa ndilo somo pekee katika kozi yake linalompa ufundi ambao mwajiri anaweza kuupima kwa saa moja.

Asili ya fani hizi nchini inasaidia kuelewa kwa nini zina tabia tofauti. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ambako utawala wa Waingereza ulifundisha machifu na makarani wao. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 chuo kikuu. Utawala wa Umma, kwa hiyo, umekuwa tangu mwanzo elimu ya kuifanya ofisi iende. Sayansi ya Siasa ilikulia katika mabishano ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya miaka ya 1960 na 1970, wakati wanafunzi na wahadhiri walipokuwa wakijadili ujamaa na ukombozi wa Afrika hadi usiku, na mpaka leo haijaacha tabia ya kubishana.

Jambo moja linazihusu zote mbili na halipewi uzito unaostahili. Kufundishwa, kusoma na kuandika mitihani ni kwa Kiingereza. Katika Utawala wa Umma mwanafunzi mwenye Kiingereza cha wastani hujikokota, kwa sababu istilahi zake hurudiwarudiwa na majibu mengi yana mpangilio. Katika Sayansi ya Siasa kila muhula huleta insha ndefu, na hoja nzuri iliyoandikwa vibaya huonekana kuwa hoja dhaifu. Aliyepata alama ya chini katika Kiingereza cha kidato cha sita anaweza kusoma Siasa, lakini ajiandae kufanya kazi mara mbili katika mwaka wa kwanza.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ambayo Utawala wa Umma unashinda waziwazi. Mwanafunzi wake akipangiwa halmashauri ya Chamwino, Kongwa au jiji lenyewe, mwenyeji wake anajua la kumfanyia. Mara nyingi ataanzia masijala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza majalada, na wapo wanaonung'unika kwamba wamepelekwa kupanga mafaili. Manung'uniko hayo hayana msingi. Tuchukue barua ya mkazi wa Nala anayelalamikia mpaka wa kiwanja. Barua hupokelewa na kugongwa muhuri wenye tarehe, husajiliwa, huingizwa katika jalada linalohusika na kupewa namba ya folio, hupandishwa kwa mkurugenzi, naye huandika dokezo fupi la kuielekeza kwa mkuu wa idara ya ardhi, ambaye hutakiwa kujibu ndani ya muda uliowekwa. Siku hizi safari hiyo katika ofisi nyingi hupita kwenye mfumo wa ofisi mtandao, lakini hatua ni zilezile. Mwanafunzi aliyeifuatilia barua moja tangu muhuri hadi jibu ameiona serikali ikifanya kazi, au ameona ilipokwama na meza iliyoikwamisha. Hilo halipatikani katika kitini chochote.

Mwanafunzi wa Sayansi ya Siasa hupelekwa katika ofisi hizohizo, na mara nyingi mwenyeji hana hakika ampe kazi gani. Akiwa mtu wa kukaa kusubiri, wiki zake zitapita akitumwa kutoa nakala za barua. Akiwa mtu wa kujituma ataomba kukaa katika vikao: baraza la madiwani linalokutana kila robo mwaka, kamati ya maendeleo ya kata, mkutano mkuu wa kijiji. Huko kuna mambo ya kuonekana ambayo muhtasari wa kikao hauyaandiki, kama vile nani anazungumza kwanza, diwani anayenyamaza bajeti inapofika kwenye kata yake, na namna mtendaji anavyolijibu swali kwa kuliepuka. Mafunzo yenye thamani yapo, ila humtaka mwanafunzi ayatafute.

Dodoma inampa nani zaidi?

Katika eneo hili Sayansi ya Siasa ndiyo inayofaidika, na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kutoishauri familia ya Dodoma kuikataa kozi hiyo kwa haraka. Bunge liko hapa. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwishoni mwa Juni, na katika miezi hiyo wizara moja baada ya nyingine husimama kuomba fedha. Wageni huruhusiwa kuketi ukumbini kwa utaratibu maalumu, na vyuo na shule hupeleka makundi mara kwa mara. Lakini hata asiyeingia ukumbini ana Taarifa Rasmi za Majadiliano, yaani Hansard, ambazo Bunge huzitoa kwa Kiswahili na kuziweka kwenye tovuti yake.

Ukurasa mmoja wa kipindi cha maswali unatosha kuonyesha utajiri wake. Swali la msingi huja na namba, na jibu lake, mara nyingi likisomwa na naibu waziri, limeandaliwa wizarani, limepimwa na kila neno lina ulinzi. Kisha mbunge husimama na maswali ya nyongeza, na hapo ndipo lugha inapobadilika: takwimu zinapungua, ahadi za jumla zinaongezeka, na maneno kama "fedha zitakapopatikana" huanza kujitokeza. Mwanafunzi akikusanya maswali yote kuhusu maji ya vijijini yaliyoulizwa na wabunge wa mikoa miwili katika mikutano kadhaa, akayapanga kwa jimbo, kwa chama na kwa aina ya jibu, ana utafiti kamili wa mwaka wa tatu ambao haukumgharimu nauli. Ni ajabu kidogo kwamba wanafunzi wengi bado husambaza madodoso yaleyale kwa wapita njia wa soko la Majengo huku hazina hiyo ikiwa wazi.

Zaidi ya Bunge, ofisi za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ziko Njedengwa, wizara ziko Mtumba, na makao makuu ya CCM yako katikati ya jiji. Mwanafunzi wa Utawala wa Umma naye ananufaika na wizara hizo, hasa Ofisi ya Rais, TAMISEMI na ile ya Utumishi. Hata hivyo, alichokuja kujifunza kinapatikana pia katika halmashauri yoyote nchini, kwa kuwa masijala ya Mpwapwa na ya Mbinga hazitofautiani sana.

Ajira

Wazazi huuliza swali hili kwanza na nimeliweka hapa makusudi, kwa sababu jibu lake halieleweki bila yaliyotangulia.

Ajira nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo kwa muda mrefu matangazo yake yamebeba anwani ya Jengo la Dkt. Asha Rose Migiro, ndani ya eneo la UDOM. Tangazo huwa na kichwa cha kada, majukumu, sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Mwombaji hujaza maombi kwenye mfumo, huitwa kwenye mtihani wa mchujo, akifaulu huitwa kwenye usaili wa mahojiano, na anayefaulu bila kupata nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi baadaye. Anayechagua kozi afungue matangazo ya miaka miwili mitatu iliyopita, asome mstari wa sifa katika kada anazozitamani, na aandike ni mara ngapi fani yake imetajwa kwa jina. Kazi hiyo ya jioni moja ina faida kuliko ushauri wa watu kumi.

Atakachokikuta ni hiki. Kuna kada pana, kama vile maofisa tarafa na watendaji wa kata, ambazo sifa zake hutaja orodha ndefu ya fani: utawala, sheria, elimu ya jamii, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha na nyinginezo. Katika kada hizo mhitimu wa Utawala hukuta fani yake imetajwa waziwazi, na mhitimu wa Siasa mara nyingine hulazimika kutegemea maneno ya jumla kama "sayansi za jamii" au "fani nyingine inayofanana". Kuna pia kada finyu. Afisa rasilimali watu hutakiwa awe amesomea menejimenti ya rasilimali watu, utawala wa umma au fani ya karibu, na hapo shahada ya Siasa peke yake haimfikishi mtu mbali. Kwa upande wa serikali, basi, milango ya Utawala wa Umma ni mingi zaidi, na anayekataa hilo anaipamba kozi yake.

Ila mlango ukishafunguka, mambo husawazishwa. Mtihani wa mchujo huuliza kuhusu muundo wa serikali, Katiba, sheria za utumishi na uwezo wa kueleza jambo kwa ufupi, na katika usaili wa mahojiano mtu huhukumiwa kwa namna anavyofikiri akiwa amesimama mbele ya watu. Aliyeandika insha nyingi na kubishana katika semina kwa miaka 3 huwa na faida hapo. Nje ya serikali faida hiyo huongezeka: asasi za kiraia, taasisi za utafiti, vyombo vya habari, miradi ya utawala bora na ofisi za vyama humhitaji mtu anayeweza kusoma nyaraka nyingi na kutoa kurasa mbili zinazoeleweka. Nafasi hizo ni chache, nyingi ni za mkataba, na hupatikana zaidi kwa kazi ambayo mtu amekwisha kuonyesha kuliko kwa cheti. Mhitimu wa Siasa asiye na andiko hata moja la kumwonyesha mwajiri yuko mahali pabaya kuliko mwenzake wa Utawala mwenye GPA ileile.

Wanaodhani watarudi shuleni kufundisha wakumbuke kwamba shahada hizi hazina ualimu ndani yake. Ili kuajiriwa kama mwalimu itabidi kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu, na kama hilo ndilo lengo tangu mwanzo, ni bora kuomba shahada ya elimu moja kwa moja.

Majirani wa kozi hizi

Dodoma ina njia nyingine mbili au tatu ambazo mwombaji wa Utawala wa Umma hasa anapaswa kuzitazama kabla ya kubofya kitufe cha mwisho. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kinachofahamika mjini kwa jina la Mipango tu, kinafundisha upangaji wa maendeleo ya mikoa, fedha za maendeleo, idadi ya watu na mazingira. Kada ya ofisa mipango kwa kawaida hudai mipango au uchumi, na mhitimu wa kozi zetu mbili hubaki nje. Mwenye hesabu nzuri kidogo na anayetaka kufanya kazi halmashauri ana sababu ya kuiweka kozi ya Mipango mbele ya zote. Umuhimu wa fani hiyo unaonekana Kongwa, ambako serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga mwaka 1947 kwa matrekta na fedha nyingi bila kuuelewa vizuri udongo wala mvua za hapo, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Kongwa hiyohiyo katika miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na kwa hilo mwanafunzi wa Siasa ana cha kuandika pia.

Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo kinamfaa asiyefikia pointi za chuo kikuu. Matangazo ya kazi ya mtendaji wa kijiji hukitaja kwa jina pamoja na vyuo vingine vinavyotambuliwa, na stashahada yake ni njia ya kawaida ya kurudi chuo kikuu baadaye. Sheria nayo ni kozi ndefu zaidi katika vyuo kadhaa, na anayetaka kuwa wakili lazima apite tena Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School). Mwenye pointi za kuipata na moyo wa kuimaliza hana haja ya ulinganisho huu.

Kupanga machaguo

Kwa kijana anayetoka familia inayomsubiri aanze kusaidia wadogo zake, na asiye na mtu wa kumlisha wakati akitafuta kazi, ningeweka Utawala wa Umma au Mipango kuwa chaguo la kwanza na Sayansi ya Siasa la tatu. Kwa kijana aliyekuwa akisoma magazeti ya zamani nyumbani kwa hiari yake, aliyependa Historia kuliko somo lolote na anayeandika Kiingereza bila hofu, ningeiweka Siasa kwanza, kwa sharti kwamba achukue takwimu kwa dhati na amalize na GPA ya angalau 3.5, ambayo ndiyo mwanzo wa daraja la pili la juu. Wa katikati, asiyejijua bado, aombe shahada ya pamoja pale inapopatikana, kisha achague masomo ya hiari kwa kuangalia yaliyomfurahisha mwaka wa kwanza. Uamuzi wa kumpeleka mtoto kozi fulani kwa sababu rafiki zake wote wamekwenda huko nauona ukifanywa sana, na ni wa kuepukwa, kwa maana mwaka wa pili rafiki hao hawamsaidii kuandika insha.

Kundi la mwisho ni la walio kazini tayari, mathalani mtendaji wa kijiji wa Chemba mwenye stashahada anayetaka kujiendeleza. Kwake swali la kozi ipi ni bora huja baada ya swali jingine: muundo wa kada yake unatambua shahada zipi, na mwajiri ameiweka kozi hiyo katika mpango wa mafunzo wa halmashauri? Aliyejisomea fani ambayo muundo hauitambui anaweza kurudi kazini na cheti kipya huku cheo na mshahara vikibaki palepale. Aanze kwa ofisa utumishi wa halmashauri yake, aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, na ajaze fomu za chuo akiwa na barua ya mwajiri mkononi.